Nani Atakayetuma Tiketi?

Muda mfupi kabla ya mtihani wa KCSE wa mwaka wa 2025, nilialikwa kuzungumza na watahiniwa wa Kidato cha Nne katika shule moja ya upili huko Ziwa, nje ya mji wa Eldoret. Mahindi yalikuwa yamekauka mashambani yakisubiri kuvunwa, na njiani nilipishana na matrekta mengi kuliko matatu. Nilikuwa nimetakiwa kuzungumzia uandishi wa insha, nami, kama ilivyo desturi yetu wahadhiri, nilikuwa nimejiandalia hotuba ndefu kuliko subira ya wasikilizaji. Hotuba hiyo sikuitoa. Niliwaomba wanafunzi waandike kwenye karatasi tangazo lolote la kazi waliloliona katika simu za nyumbani wakati wa likizo, kwa maneno yale yale kadiri walivyoyakumbuka.

Karatasi moja ilikuwa na maneno haya: "Nafasi za kazi Thailand. Kujibu wateja kwa Kiingereza kwenye kompyuta. Tajriba haihitajiki. Malazi yametayarishwa. Utatumiwa tiketi ya ndege na kupokelewa uwanjani. Nafasi zilizobaki ni chache." Kijana aliyeiandika alisimama akaniuliza kwa adabu: "Daktari, tumefundishwa kwamba tapeli hujulikana kwa makosa yake ya lugha. Hapa kosa liko wapi?"

Mwalimu wake wa Kiswahili, aliyekuwa ameketi nyuma ya darasa, alitabasamu kidogo kisha akaacha. Nadhani aliyekuwa ametoa funzo hilo ni yeye. Simlaumu, kwa maana hata mimi nimewahi kuwaambia wanafunzi wangu wa chuo kikuu maneno kama hayo. Kulikuwa na wakati ambapo barua ya ulaghai ilijifichua yenyewe, kwa sarufi mbovu na ahadi za urithi wa mamilioni. Wakati huo umepita. Siku hizi programu za kompyuta humwandikia tapeli sentensi zilizonyooka kuliko za wengi wetu.

Nilimwomba kijana yule alisome tangazo upya na amtafute mtenda wa kila kitenzi. Tajriba haihitajiki: haihitajiki na nani? Hapo tuko katika kauli ya kutendeka, ambayo mtenda hana hata nafasi ya kutajwa. Malazi yametayarishwa: na nani? Utatumiwa tiketi: na nani? Kupokelewa uwanjani: na nani? Katika tangazo zima hamkuwa na mtu hata mmoja anayetenda jambo. Mlikuwa na mtu mmoja tu anayetendewa, naye ni msomaji. Wenzangu wa isimu watakumbuka kwamba neno mtumwa limetokana na kitenzi hicho hicho cha kutuma, katika kauli hiyo hiyo ya kutendwa.

Sitaki nieleweke vibaya. Kauli ya kutendwa si dhambi, na matangazo mengi ya kazi halali huandikwa vivyo hivyo kwa uvivu au kwa mazoea. Lakini mtu akitaka kukuhamisha kutoka kwenu hadi nchi usiyoijua, una haki ya kujua jina lake kabla ya kujua rangi ya ndege.

Na huko Thailand ni wapi hasa? Tangu mwaka wa 2022 Wizara ya Mambo ya Nje ya Kenya imekuwa ikitoa tahadhari kuhusu kazi za aina hii, baada ya vijana wetu kuanza kupiga simu nyumbani wakiomba kuokolewa. Kijana hufikishwa Bangkok kwa ndege kama mtalii. Kisha hupakiwa garini na kupelekwa mwendo wa saa nyingi hadi mpakani, karibu na mji wa Mae Sot, na huvushwa mto Moei. Ng'ambo ya pili si Thailand tena bali ni Myanmar, katika eneo la Myawaddy, ambako serikali haina nguvu na makundi yenye silaha ndiyo yanayotawala. Huko kuna majengo makubwa yaliyozungushiwa kuta, walinzi na seng'enge. Pasipoti huchukuliwa. Anayekataa kazi hupigwa, na anayetaka kuondoka huambiwa alipe fidia ya fedha nyingi ambazo kwao hazipo. Mwezi wa Agosti 2023, Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikadiria kwamba watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar na wengine wapatao 100,000 nchini Kambodia huenda walikuwa wakishikiliwa katika vituo vya namna hiyo. Mwanzoni mwa mwaka wa 2025 maelfu walitolewa humo na kuvushwa kurudi Thailand, na miongoni mwao walikuwamo Wakenya.

Mwalimu mwenzangu, tafadhali itazame kazi yenyewe waliyolazimishwa kuifanya. Hawakuchimba migodi wala kubeba mizigo. Walikalishwa mbele ya kompyuta na kuamrishwa kuandika. Waliandika barua za mapenzi kwa watu wasiowajua huko Marekani na Ulaya, wakijifanya wanawake warembo au wafanyabiashara wenye bahati, hadi yule wa upande wa pili akawaamini na kutoa akiba yake. Walihitajika watu wenye Kiingereza fasaha, wanaoweza kubembeleza, kufariji, kutania na kujenga hoja. Kwa maneno mengine, walihitajika wanafunzi wetu waliofaulu. Ile stadi tuliyowapa tuzo siku ya wazazi ndiyo iliyowapandisha thamani katika soko lile. Jambo hili limeninyima usingizi kwa sababu tulizoea kusema kwamba elimu ni kinga, na kwamba wanaonaswa ni wale wasiosoma.

Nina deni langu katika habari hii, na ni heri nilitaje. Miaka kadhaa iliyopita, kabla ya korona, binti mmoja niliyemfundisha alinijia ofisini. Alikuwa na shahada ya elimu, na alikuwa amesubiri miaka mitatu bila kuajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu. Aliniletea barua yake ya maombi na mkataba aliopewa na wakala, akaniomba nimsahihishie barua. Kazi ilikuwa ya kuwafundisha watoto Kiingereza katika nchi mojawapo ya Ghuba. Nilichukua kalamu nyekundu. Nilirekebisha vihusishi viwili, nikaondoa koma, nikasifu aya ya mwisho. Mkataba niliupitisha macho tu. Haukuwa na jina la shule, wala jina la mwajiri, wala idadi ya saa za kazi. Mimi, mwenye shahada ya uzamifu katika isimu, sikuuliza.

Alirudi baada ya miezi kumi na minne. Hakufundisha hata siku moja. Alikuwa amefua, amepika na kulea watoto watatu katika nyumba ambayo mlango wake ulifungwa kwa nje, na simu yake ilikuwa inakaa kabatini kwa mama mwenye nyumba. Nchi nyingi za Ghuba zimefuata mfumo wa kafala, unaomfunga mfanyakazi wa kigeni kwa mwajiri mmoja ambaye ndiye mdhamini wake. Neno lenyewe ni la Kiarabu na maana yake ni udhamini, jambo la heri kabisa, lakini katika nyumba ile lilikuwa na maana ya kufuli. Binti yule alikuja ofisini kwangu kuomba barua ya kumpendekeza kwa kazi katika shule ya binafsi. Hakunilaumu kwa lolote. Ningependelea angenilaumu.

Sasa niseme kuhusu jina la uovu huu, maana jina nalo lina makosa yake. Katika magazeti yetu tunasoma "usafirishaji haramu wa binadamu", "biashara haramu ya binadamu" na "ulanguzi wa binadamu". Neno usafirishaji humfanya msikilizaji afikirie lori, mpaka na usiku. Neno ulanguzi asili yake ni kununua bidhaa na kuziuza kwa bei ya kuruka, nalo humfanya msikilizaji afikirie magunia. Kwa sababu hiyo mzazi wa Ziwa husikia onyo redioni na kusema kwamba hayo ni mambo ya Mombasa au ya Nairobi.

Sheria haisemi hivyo. Sheria ya Kenya ya Kukabiliana na Usafirishaji Haramu wa Watu ya mwaka wa 2010, iliyofuata mkondo wa Itifaki ya Palermo ya mwaka wa 2000, inatazama mambo matatu: kitendo, kama vile kumwandikisha mtu, kumhamisha, kumhifadhi au kumpokea, njia, kama vile nguvu, hadaa au kutumia udhaifu wake, na lengo, ambalo ni kumnyonya. Kuvuka mpaka si sharti. Kukubali kwa aliyehadaiwa hakumwondolei mhalifu hatia. Na ikiwa aliyenyonywa ni mtoto, hata ile njia haihitaji kuthibitishwa: hata kama hakulazimishwa wala kudanganywa, kosa limetendeka. Adhabu ni kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili.

Kwa hiyo shangazi anayemchukua msichana wa miaka kumi na mitatu kutoka kijijini, akiwaahidi wazazi kwamba atamsomesha Eldoret, kisha akamkabidhi kwa familia nyingine awe msichana wa kazi, asione darasa wala mshahara, hajavuka hata mpaka wa kaunti. Huyo tunamwita mtu mwenye huruma. Tunamsifu kanisani. Ninajua nyumba za wasomi wenzangu ambamo asubuhi watoto wawili huamka: mmoja huvaa sare ya shule na mwingine humfungia kamba za viatu. Sijapata kumsikia yeyote akitumia neno "haramu" juu ya jambo hili.

Wako watakaoniambia kwamba dawa ni kuwakataza vijana wasiende ng'ambo. Serikali ilijaribu njia hiyo. Mwaka wa 2014 ilizuia upelekaji wa wafanyakazi wa nyumbani Mashariki ya Kati na kufuta leseni za mawakala kwa mamia. Vijana waliendelea kupita njia za panya, na zuio likaondolewa mwaka wa 2017. Hapa Uasin Gishu nani atasema "usiende" akasikilizwa? Hili ni eneo ambalo watu wake walikimbia mbio huko ng'ambo na kurudi na medali, wakajenga maghorofa mjini Eldoret kwa fedha zilizotoka Boston na Berlin. Ng'ambo kwetu si ndoto tupu. Ni jirani aliyefaulu.

Na jirani huyo huyo ndiye aliyefanya jeraha la Finland liwe zito. Mpango wa kaunti wa kuwapeleka vijana kusoma Finland na Canada ulianza mwaka wa 2021. Wazazi waliuza mashamba na ng'ombe, wengine wakakopa, wakalipa. Baadaye kukawa na wanafunzi ambao karo yao haikufika vyuoni na wengine ambao hawakusafiri kabisa, na wazazi wakaandamana mjini. Agosti 2023, Seneta Jackson Mandago, aliyekuwa gavana mpango ulipoanzishwa, alifikishwa mahakamani Nakuru pamoja na wengine kwa mashtaka ya kula njama ya kuiba zaidi ya shilingi bilioni 1.1, wakakana mashtaka hayo. Kesi hiyo siyo ya usafirishaji haramu, na sitaki kuichanganya na mada yangu. Naitaja kwa sababu ya kilichofuata nyumbani. Mzazi aliyekatishwa tamaa na mpango wenye muhuri wa serikali hasemi tena "nitaiuliza ofisi". Husema: "Afadhali yule kijana wa WhatsApp, angalau anajibu simu." Kuvunjika kwa imani hiyo kumewafungulia mlango watu ambao hawana muhuri wowote.

Lipo jambo lingine la lugha ambalo ni lazima nilitaje. Septemba 2025, mwanariadha mmoja wa Kenya alitekwa na jeshi la Ukraine akiwa upande wa Urusi. Katika video iliyotolewa na waliomteka alisema kwamba alikwenda Urusi kama mgeni, akaahidiwa kazi, akatia sahihi karatasi zilizoandikwa kwa Kirusi, lugha asiyoijua. Kumbe ulikuwa mkataba wa kijeshi. Maneno ya mateka mbele ya kamera yapokelewe kwa tahadhari, lakini habari za vijana wa Afrika walioitwa Urusi kwa kazi nyingine na kujikuta kwenye vita, au kwenye viwanda vya ndege zisizo na rubani kule Tatarstan, zimesikika kutoka kwa wengi. Nimefundisha isimu kwa miaka mingi, na katika muda huo wote sijapata kumwambia mwanafunzi yeyote sentensi hii fupi: usitie sahihi chini ya lugha usiyoisoma. Tulidhani inajulikana.

Kuhusu watoto wadogo na simu, nitasema machache. Utafiti uliofanywa kwa ushirikiano wa UNICEF, Interpol na ECPAT, uliotolewa mwaka wa 2021, ulionyesha kwamba kati ya asilimia 5 na 13 ya watoto wa Kenya wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti walikuwa wamefanyiwa unyanyasaji wa kijinsia mtandaoni katika mwaka mmoja. Mara nyingi aliyehusika ni mtu ambaye mtoto tayari alimfahamu. Hapa mambo huanza kwa urafiki, kisha picha, kisha tishio la kuisambaza picha, kisha madai ya picha nyingine au pesa.

Mtoto huyo atasema nini kwa mwalimu? Sikilizeni Kiswahili chetu. Mtoto wa Kenya aliyedhulumiwa kimwili husema: "Amenifanyia tabia mbaya." Ni maneno yale yale tunayoyaandika katika ripoti ya mwanafunzi anayepiga kelele darasani na kuchelewa gwaride. Tumempa mtoto neno moja kwa ajili ya utundu wake na kwa ajili ya uhalifu wa mtu mzima, kisha tunashangaa kwamba akija kusema hutazama chini kama mkosaji. Sheria ya Watoto ya mwaka wa 2022 inakataza unyanyasaji wa mtoto mtandaoni, na nambari 116 hupigwa bila malipo kwa ajili ya watoto. Lakini anayepiga simu huanza kwa kusema, na ili aseme anahitaji neno. Neno "dhuluma" lipo. "Alinitishia" lipo. "Alinilazimisha" lipo, tena lina mtenda wake waziwazi, yule "a" wa mwanzo. Tuwafundishe kulitumia, na tusikunje uso wanapolitumia.

Kwa walimu wa lugha ninalo ombi moja, wala halihitaji mtaala mpya. Katika kipindi cha ufahamu tuache kwa wiki moja zile habari za sungura na umuhimu wa misitu. Tuwape wanafunzi tangazo la kazi, mkataba wa kazi za nyumbani, ujumbe wa mtu asiyejulikana anayesifu picha. Tuwaulize maswali yale yale tunayouliza siku zote: nani, nini, wapi, kwa nini, na nani hatajwi. Tuwafundishe kwamba orodha ya mawakala wenye leseni hutolewa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na kwamba jina lisilokuwamo humo ni jibu tosha. Jina lililomo si hakikisho la kila kitu, lakini angalau lina anwani ambayo mzazi anaweza kuiendea. Wale wa shule za bweni ambao hawaruhusiwi simu wasidhani wamepona. Simu inawasubiri nyumbani tarehe ya kufunga.

Nirudi Ziwa. Baada ya kulichambua tangazo lile, niliwapa zoezi la kugeuza kila sentensi kutoka kauli ya kutendwa hadi kauli ya kutenda. Darasa lilifanya kwa bidii, kama watahiniwa wafanyavyo wanapodhani swali laweza kuja kwenye mtihani. Yule kijana aliandika: "________ atanitumia tiketi. ________ atanipokea uwanjani. ________ ameyatayarisha malazi." Mstari wa kwanza alianza kuujaza kwa jina la binamu yake aliyekuwa amemtumia tangazo hilo. Akasita. Akalifuta. Akaniambia kwamba binamu naye alilipata kwa mtu mwingine, katika kundi la WhatsApp ambalo mwenye kulianzisha hamjui, na kwamba binamu huyo amekwisha kulipia pasipoti.

Nilimuuliza kama binamu yuko nyumbani wikendi hiyo. Akasema yuko, wanavuna. Mwalimu wa Kiswahili akasema anaijua boma lile, na angepita huko Jumamosi na karatasi hii mkononi.